Siku Wanafunzi Wangu Walipopima Foleni ya Maji

Msichana yule alilala kipindi cha tatu, Jumanne, dawati la mbele kabisa, kichwa kikiwa juu ya daftari la Hisabati. Haikuwa mara ya kwanza. Nilipomwita aliinuka, mstari wa ukingo wa daftari umejichora shavuni, akaomba radhi kwa sauti ya mtu mzima. Kipindi kilipokwisha nikamwuliza usiku huwa anafanya nini.

"Mwalimu, naamka saa tisa kwenda kuteka maji. Ukichelewa hapo unakuta foleni imeshafika barabarani."

Wakati huo nilikuwa na miaka tisa kazini, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Nilifundisha, nilisahihisha, nilishika zamu, lakini sikumbuki hata siku moja ya mwaka ule niliyorudi nyumbani nikiwa na hamu ya kesho yake. Wiki chache kabla, kwenye kikao cha walimu, tulikuwa tumegawiwa majukumu ya maendeleo ya jamii: huyu usafi wa mazingira, yule miti, yule elimu ya watu wazima, mimi maji. Hatukuulizwa. Niliandika neno "maji" kwenye kitabu changu cha kumbukumbu nikalipigia mistari miwili kwa hasira. Nilikuwa na vipindi 28 kwa wiki na madarasa yenye wanafunzi zaidi ya sitini, na sasa naongezewa maji.

Walimu wanaoanza kazi huniuliza kama shughuli za jamii humwongezea mwalimu furaha ya kazi au humpunguzia. Mimi nimeyapata yote mawili kwenye pampu ileile moja.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kisimani na wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha pili. Sikuwa na mradi wowote kichwani. Azimio la kazi lilisema mada inayofuata ni uwiano na viwango, nami nilikuwa nimekwishachoka na mifano ya kitabuni ya magari yanayoondoka kituoni kwa kasi fulani. Nikaona heri tukapime kitu kinachowauma.

Pampu ilikuwa ya mkono, ya chuma, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa na viganja vya watu. Mtu alisukuma mara saba, mara nane, bila tone. Kisha maji yakaanza kutoka kwa kusitasita. Akipumzika kidogo tu, ulisikia maji yakigugumia ndani ya bomba, yanarudi chini. Tuliazima ndoo ya lita 20 kwa mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Ndoo ilikuwa na ufa karibu na ukingo, basi tukakubaliana kwamba imejaa pale maji yanapofika kwenye ufa. Mmoja alishika saa, mmoja aliandika, wengine walipokezana mpini. Tulipima ndoo kumi, tukatafuta wastani: dakika mbili na nusu kwa ndoo. Lita 8 kwa dakika.

Wanafunzi wakaniambia hiyo bado si hesabu kamili, mpaka tujue ni watu wangapi wanaotegemea pampu hiyo. Walikuwa na haki. Kwa Jumamosi mbili walipita nyumba kwa nyumba, wakarudi na jumla ya watu 640.

Hapo nikaleta darasani viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997 kwa ajili ya watu waliokumbwa na maafa. Vinasema mtu mmoja apate walau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi, pampu moja ya mkono itumikiwe na watu wasiozidi 500, na hapo inahesabiwa pampu inayotoa lita 17 kwa dakika. Foleni isimpotezee mtu zaidi ya nusu saa. Niliwaeleza kwamba hiki ni kiwango cha chini kabisa, cha mtu aliyekimbia vita au mafuriko, akalala chini ya turubai. Kisha nikamwita mmoja wao ubaoni.

Akaandika: watu 640 mara lita 15, lita 9,600. Gawanya kwa lita 8 kwa dakika, dakika 1,200. Gawanya kwa 60.

Saa 20.

Nimefundisha darasa hilo mambo mengi lakini sijawahi kusikia ukimya wa namna ile. Pampu ile ilipaswa kusukumwa saa ishirini mfululizo, mchana na usiku, ili kila mtu apate kile anachopaswa kupata mtu aliye kambini. Nasi hatukuwa na vita wala mafuriko. Watu walikuwa wamegombana pale kisimani kwa miaka, kila upande ukiusema mwingine kwa kuruka foleni, mpaka majirani hawasalimiani. Yule msichana wa kipindi cha tatu aliongea polepole, kama anajiambia mwenyewe: "Kumbe siyo kwamba watu hawana adabu."

Nilikaa na sentensi ile siku nyingi. Ndiyo iliyonirudisha kazini, na sioni haya kusema hivyo.

Tuliomba nafasi kwenye mkutano wa kamati ya maji. Wanafunzi ndio waliozungumza, mimi nilikaa nyuma. Mwenyekiti, mzee ambaye nilikuwa nimeambiwa kwamba hasikilizi watoto, aliwasikiliza hadi mwisho, akaomba wampe karatasi aione kwa macho yake. Akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria: "Sasa wanangu, hiki ni kisima kimepungua maji, au ni pampu imechoka?" Hatukujua. Fundi aliyeitwa alifungua pampu na kuonyesha mipira ya pistoni, imelika hadi imekuwa myembamba kama ganda la kitunguu. Vali ya chini nayo haikuwa ikishika tena, ndiyo maana maji yalikuwa yakirudi. Kisima chenyewe kilikuwa kizima.

Kaya zilichanga. Mipira ikabadilishwa, vali ikabadilishwa. Wanafunzi wakarudi na ndoo ileile yenye ufa: dakika moja na sekunde 15. Lita 16 kwa dakika. Saa ishirini zilikuwa zimegeuka kumi.

Usiku ule nilisahihisha mtihani wa majaribio wa darasa zima bila kuinuka kitini. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenisimamia. Nilikuwa nimesahau kwamba kazi hii inaweza kumpa mtu nguvu badala ya kumnyonya.

Laiti ningeishia hapo. Lakini sehemu iliyonifundisha zaidi ni ile iliyofuata, ambayo sikuisimulia kwa muda mrefu.

Nilinogewa. Watu walianza kuniita "mwalimu wa maji", nami nikaupenda wito ule kuliko nilivyodhani. Ufunguo wa kufuli la pampu ukakaa kwangu. Daftari la michango likakaa kwangu. Mtu akigombana na jirani, simu inalia kwangu. Kamati ilipochelewa kukutana, niliitisha mkutano mimi. Mweka hazina alipokosea hesabu, sikumwonyesha, nilizifanya upya mwenyewe usiku, nikamrudishia daftari limekamilika. Niliona ninamsaidia. Kumbe nilikuwa ninamfundisha kwamba hawezi, mimi ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watu kwamba wanaweza.

Darasani nako mambo yakaanza kulegea. Madaftari yalikaa wiki mbili bila kusahihishwa. Niliingia kipindini bila andalio la somo, nikitegemea uzoefu, nikitoka dakika tano kabla kwa sababu kuna mtu ananisubiri nje. Siku moja, mwishoni mwa kipindi, mvulana aliyekuwa amepima saa kisimani tangu siku ya kwanza alibaki nyuma akanyosha dawati lake, akanyosha la jirani yake, halafu akasema, "Mwalimu, usikasirike. Siku hizi unafundisha kama mgeni."

Sikukasirika. Nilikwenda ofisi ya walimu nikakaa mbele ya rundo la madaftari yao nisiweze kufungua hata moja.

Mwenzangu anayefundisha masomo ya biashara ndiye aliyenisimulia habari za Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao mia mbili katika eneo la Pittsburgh, matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Walimtaka kila mmoja akumbuke wakati alipojisikia vizuri kupita kawaida kazini, na wakati alipojisikia vibaya kupita kawaida. Majibu yaliwaonyesha kwamba mambo yanayoridhisha si kinyume cha mambo yanayokera. Watu waliridhishwa na kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kubebeshwa dhamana. Walikerwa na sera za mwajiri, usimamizi, mshahara, mazingira. Ukiyaondoa yanayokera, mtu anaacha kulalamika, lakini hajawa na furaha bado. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, kuridhika na kukereka.

Maneno hayo yalinifungua, kwa sababu nilikuwa nimejiona kama nina kasoro. Nawezaje kuipenda kazi hivi na kuichukia hivi ndani ya wiki moja? Nikachukua karatasi, nikajifanyia kama walivyowafanyia wale wahasibu. Upande mmoja nyakati nzuri, upande mwingine mbaya, za miaka kumi.

Upande wa mazuri: ukimya wa darasa baada ya "saa 20". Mzee akiomba karatasi. Mwanafunzi aliyekuwa akishindwa sehemu zote za Hisabati, siku alipomweleza mama yake mwenyewe mbele ya watu maana ya wastani. Posho haikuwamo hata mara moja, ingawa nimewahi kupewa na niliihitaji. Upande wa mabaya: kikao cha kugawiwa majukumu. Ripoti iliyodaiwa Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi, ambayo nina hakika haikusomwa. Nauli niliyojitolea mfukoni mwezi baada ya mwezi.

Lakini wapo wataalamu waliomkosoa Herzberg wakisema mtu akiulizwa hivyo hujisifu kwa mazuri na kuyatupia mazingira mabaya yake. Nikairudia karatasi yangu kwa jicho hilo. Upande wa mabaya wote ulikuwa wa watu wengine. Hapakuwa na madaftari ya wiki mbili. Hapakuwa na "unafundisha kama mgeni". Niliyaongeza kwa kalamu nyekundu, na hapo ndipo karatasi ilipoanza kusema kweli: furaha zangu zote kubwa za kazi ya jamii zilikuwa na mwanafunzi au somo ndani yake. Tangu nilipokuwa mtunza ufunguo, msuluhishi na mhasibu, sikuwa na tukio hata moja la kuandika upande wa mazuri. Nilikuwa nimeuacha ualimu nyuma nikaendelea na kazi nyingine, nikidhani ni ileile.

Nikatazama wenzangu na kuona jambo hilohilo. Mwalimu wa lugha aliyepewa elimu ya watu wazima alikuwa akirudi jioni uso umechangamka. Alikuwa amesoma kuhusu Paulo Freire wa Brazil, aliyefundisha kusoma na kuandika wafanyakazi wapatao 300 huko Angicos mwaka 1963 kwa muda wa saa 40 hivi, akianzia na maneno ya maisha yao wenyewe. Basi naye alianza na maneno yaliyokuwa vinywani mwa watu wake: deni, mvua, mtoto. Bibi mmoja aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, akaomba karatasi hiyo aende nayo nyumbani. Mwenzetu mwingine, mwalimu hodari wa Baiolojia, alipewa kazi ya kuhesabu vyoo na kujaza fomu. Alihesabu kwa uaminifu mwaka mzima. Hakuna aliyemwuliza anajua nini kuhusu minyoo au kipindupindu, na fomu zilizoondoka hazikurudisha neno lolote. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho. Watu walisema hapendi kujitolea. Nilimfahamu, na maneno hayo yananiuma hadi leo, maana yule angeweza kufundisha mtaa mzima.

Nilianza kwa kurudisha ufunguo. Lilikuwa jambo gumu kuliko nilivyotarajia. Nilikwenda kwa mama anayeishi karibu na pampu, ambaye kamati ilikuwa imemchagua zamani awe mtunzaji, nikamwambia, "Mama, hii ilikuwa yako tangu mwanzo." Akaupokea bila kuniangalia, akaufunga kwenye pindo la kanga. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemnyang'anya. Mweka hazina nilikaa naye alasiri nne, tukajifunza kuweka mapato kushoto na matumizi kulia, na namna ya kutenga fungu la mipira mipya kabla ya ile ya sasa haijalika. Mara ya kwanza alipofunga hesabu za mwezi peke yake alikosea kwenye kubeba tarakimu. Mkono uliniwasha. Nilimwuliza tu kama ameridhika na jumla yake, akaitazama kwa muda mrefu, akaiona.

Kwa mkuu wa shule nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Niliogopa kuonekana mvivu, kwa hiyo nilichukua Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966 kwa ushirikiano wa Shirika la Kazi Duniani na UNESCO. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Walimu Duniani tangu mwaka 1994, na nadhani wengi wetu huisherehekea bila kuusoma waraka wenyewe. Mna mambo mawili mle niliyoyataka. Moja, ushiriki wa walimu katika maisha ya jamii uhimizwe, kwa faida ya mwalimu mwenyewe, ya elimu na ya jamii. La pili, saa za kufundisha zinapopangwa, zizingatie kazi nyingine zote za mwalimu, yakiwemo maandalizi, usahihishaji na shughuli za nje ya masomo. Nilimsomea yote mawili pamoja, kwa sababu kwenye kikao chetu tulikuwa tumepewa la kwanza bila la pili.

Alinisikiliza. Alisema hawezi kupunguza vipindi kwa kuwa walimu ni wachache, na alikuwa anasema kweli. Alichoweza ni hiki: mwalimu mwenye kazi ya jamii asipangiwe zamu wiki ileile, vipindi viwili vya mfululizo viwekwe Ijumaa ili kazi ya nje ifanyike ndani ya muda wa somo, nauli irudishwe, na kuanzia mwaka unaofuata kila mwalimu aseme mwenyewe angependa kufanya nini. Sikupata yote niliyotaka. Lakini kile cha mwisho kilibadilisha ofisi yetu ya walimu kuliko posho yoyote ambayo ningeweza kuidai. Mwalimu mpya wa Baiolojia alichagua usafi na afya bila kushurutishwa, na hazunguki na fomu, anazunguka na hadubini.

Siku hizi natumia kipimo kimoja kabla ya kukubali shughuli yoyote: najiuliza itaingia kwenye andalio lipi la somo. Nisipopata jibu, naeleza kwa adabu kwamba kazi hiyo ni muhimu ila anafaa mtu mwingine. Wapo walionilaumu. Nimekubali lawama hizo, kwa sababu madaftari yangu hayalali wiki mbili tena.

Mwaka jana nilipita kisimani baada ya miezi mingi. Mlio ulikuwa tofauti, mpini ulikuwa mwepesi. Nikamwuliza mama mtunzaji. Akaniambia mipira ilibadilishwa tena wiki tatu zilizopita, fungu lilikuwa tayari, fundi aliitwa, kazi ikaisha siku hiyohiyo. Nilingoja aseme kwa nini hawakunijulisha. Hakusema, kwa sababu hapakuwa na sababu ya kunijulisha. Tukaongea habari za wajukuu zake.

Ijumaa moja baadaye nilikuwa na kidato cha pili kipya. Kwenye ukuta wa darasa bado imebandikwa ile karatasi ya kwanza, yenye mchoro wa ndoo na mshale unaoonyesha ufa. Msichana mmoja mdogo wa umbo, ambaye hakuwa ameongea darasani tangu muhula uanze, alinyosha mkono.

"Mwalimu, kama walikuwa wanahesabu imejaa pale kwenye ufa, na ufa uko chini ya ukingo, basi haikuwa lita ishirini."

Darasa zima likageuka kuniangalia. Nikaenda ukutani, nikaitazama karatasi ambayo nimeitazama kwa miaka, na mzee wa kamati ameitazama, na mkuu wa shule ameitazama. Nikamwuliza itakuwa lita ngapi basi.

"Sijui. Tukaipime ndoo."

Tulikuwa na vipindi viwili mfululizo. Nikawaambia wachukue madaftari.